Utepe wa Rangi Tatu

Siku Bushira aliponiletea ule utepe wa rangi tatu, nilitoa kuku. Kuku mwenyewe alikuwa wa kutaga, lakini nilikuwa na furaha ya kijinga, nikamwita Sadik wa nyumba ya pili aje amchinje, kwa sababu mimi ni Mkatoliki na Bushira hali nyama ya kisu changu. Tulikula, tukacheka, akaniambia nimeula. Leo nikimkumbuka yule kuku namwonea huruma kuliko ninavyojionea mwenyewe.

Bushira ni dada yangu wa ziwa. Mama yangu alifariki wiki niliyozaliwa, hapa hapa kambi ya polisi ya Nsambya, na baba yangu, konstebo Obita, akabaki ameshika kichanga asijue pa kukiweka. Mke wa sajini Ramathan, Mama Maimunah, Mnubi wa nyumba ya jirani, alikuwa na Bushira wa miezi mitatu. Akanichukua. Ziwa la kulia la Bushira, la kushoto langu, kwa miaka miwili. Kwa dini yao hilo si jambo la kusahaulika: walionyonya ziwa moja ni ndugu, kaka zake Bushira wasingeweza kunioa hata kama wangetaka. Kila Idi sahani yangu huwekwa pale bila mtu kuuliza. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini sikumchunguza Bushira, namwuliza naye kama huwa anamchunguza dada yake.

Mimi naitwa Alal, ni fundi cherehani. Nalala kambini kwa sababu mume wangu Odyek naye ni polisi, lakini cherehani yangu iko Namuwongo, kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, hatua chache kutoka reli. Mitumba ya soko la Owino naipunguza na kuipanua, na nguo za watoto nazishona mpya, za ubatizo, za Idi, za shule. Kwa miaka kumi na tano watoto wa pale wamepita mikononi mwangu. Mama ananiletea mtoto, namsimamisha juu ya kigoda, namzungushia futi kifuani, kiunoni, mkononi, na mtoto anacheka kwa sababu namtekenya. Hakuna mtoto wa Namuwongo anayeniogopa. Hilo ndilo Bushira alilolitaka, ila mimi nilidhani ananitaka mimi.

Alikuwa amepata kazi katika kampuni ya unga wa uji uitwao Totonono. Soya, ulezi, mahindi na vitamini za kuongezwa, vyote katika vipakiti vidogo vya kumtosha mtoto siku moja. Wazo lilikuwa zuri na bado nasema ni zuri, mimi si mtu wa kuponda kila kitu. Mama wa Namuwongo hanunui kwa kilo, ananunua cha leo. Mashirika huja na magari yao, yakapiga picha, yakaondoka, lakini kampuni inayouza kipakiti kila siku ina sababu ya kurudi kesho. Bushira alinieleza hivyo, nikaona dada yangu ana akili.

Kazi yangu, ya kuuza vipakiti pale kibarazani, ilianzia kwenye utepe. Unauzungusha kwenye mkono wa mtoto mdogo, juu ya kiwiko, unasoma rangi penye alama. Kijani, mtoto yuko sawa. Manjano, lishe imepungua. Nyekundu, mkimbize hospitali. Bushira alisema ni utepe ule ule wa madaktari. Akaniagiza jambo moja zaidi: mtoto wa manjano ale Totonono peke yake, mara tatu kwa siku, mpaka afike kijani.

“Unga iko na kila kitu, dada yangu,” aliniambia. “Chakula ingine inajaza tumbo bure. Wewe waambie tu. Wewe wanakusikia.”

Walinisikia kweli. Walipanga foleni mbele ya cherehani yangu, nikawapima watoto mmoja mmoja, na nikashtuka kuona manjano ilivyokuwa nyingi. Watoto niliokuwa nawaona wakikimbizana kando ya reli, mashavu yamejaa, utepe ukawaita wagonjwa. Nikajilaumu kwamba miaka yote hiyo nimewavisha watu nisione njaa iliyokuwa ndani ya nguo.

Mmoja wao alikuwa Jasper, mtoto wa Nabintu, aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu. Nabintu ni Mkongo wa Bukavu, anauza mukene, zile dagaa za ziwani, kwenye beseni kando ya njia ya kwenda relini. Kila jioni alikuwa akibakiza mukene kidogo, anazisaga na karanga, anamlisha mwanawe. Wiki ile ile nilikuwa nimemshonea Jasper shati la ubatizo, na mama mtu alikuwa amelipenda hata akalivaa kichwani kwa mzaha. Utepe uliposema manjano, mzaha ukaisha.

“Mama Oloya,” aliniambia, ndivyo wanavyoniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, “miye namulisha huyu. Kila siku namulisha, Mungu anaona.”

“Najua,” nikamwambia. “Lakini mukene haitoshi. Mpe hii peke yake, utaona.”

Nilisema hivyo mimi, kwa mdomo wangu, tena nikimshika bega. Tangu siku hiyo Nabintu aliuza mukene zote mpaka beseni likabaki tupu, na kila asubuhi akasimama mbele yangu kununua kipakiti cha Totonono. Nilimpenda kwa utiifu wake. Nilimtaja kwa wengine kama mfano.

Baada ya miezi minne utepe wangu ukachakaa, rangi zikaanza kuchubuka. Sasa fundi hasubiri kuletewa kitu anachoweza kukishona. Niliulaza kando ya futi yangu, nikaona nyekundu inaishia kwenye sentimita kumi na mbili na nusu, manjano kwenye kumi na tatu na nusu. Nikatafuta vitambaa vya rangi zile zile, nikashona tepe kumi na mbili za nguo, safi, pindo mbili, kwa uzi wangu wa zambarau ambao kila mtu pale anaujua. Nilizishona mchana kweupe, wanawake wamenizunguka wakizisifu. Nilitaka kumfurahisha Bushira. Nikampelekea kama zawadi.

Bushira hakufurahi. Alizigeuza-geuza, akaulaza mmoja kwenye kiganja, na uso wake ukabadilika.

“Nani alikuambia upime?”

“Sasa ningeshonaje bila kupima?”

“Alal, hii ni kitu ya kampuni. Usianze kupima-pima mambo ya watu.”

Akazisukuma zote ndani ya mkoba wake. Kesho yake akaniletea utepe mpya wa kampuni, akachukua ule uliochakaa. Mimi nikamwomba radhi! Nilifikiri nimewaharibia biashara kwa kuiga mali yao. Lakini namba ikishaingia kichwani mwa fundi haitoki, na zile mbili ziliingia.

Mwezi wa sita tangu tuanze, Nabintu akamleta Jasper amembeba mgongoni. Mtoto hakutaka kusimama kwenye kigoda. Nilimtekenya, akanitazama tu. Nilipomzungushia utepe, alama ikaangukia kwenye nyekundu. Nilifunga cherehani, nikasimamisha bodaboda, tukapanda wote watatu mpaka hospitali ya misheni kule kilimani.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa Mganda, mama mtu mzima, miwani imening'inia kifuani. Alianza kwa Kiganda, lakini alipoona Nabintu hakielewi akahamia Kiswahili. Natamani mpaka leo asingehama.

“Mutoto anakula nini?”

“Uji,” Nabintu akajibu. “Uji ya Totonono. Asubuhi, muchana, mangaribi.”

“Na nini ingine?”

“Hakuna ingine. Walisema ingine inajaza tumbo bure.”

Hakumtaja aliyesema. Aligeuza uso kwangu akitegemea nimsaidie kueleza, na mimi nikajifanya napanga shuka la mtoto. Muuguzi akachukua utepe wake, akaupitisha kwenye mkono wa Jasper, akasoma.

“Manjano,” alisema.

“Hapana, sista, ni nyekundu,” nikadakia. “Pima tena. Tazama, hata mimi ninao.”

Nikatoa wangu mkobani. Akavaa miwani, akazilaza tepe mbili mezani, moja kando ya nyingine. Hapo hata mtu asiyejua kusoma angeona. Kwenye utepe wa hospitali nyekundu iliishia kumi na moja na nusu, manjano kumi na mbili na nusu. Wangu ulikuwa umesogezwa sentimita nzima mbele.

“Hii mulitoa wapi, nnyabo?” akaniuliza polepole, akiniita bibi kwa Kiganda. Kisha akarudi kwa mtoto. “Huyu iko kumi na mbili na nukta mbili. Amepungua, lakini tutamurudisha. Alianza wapi?”

Swali lilikuwa la Nabintu, lakini jibu nilikuwa nalo mimi. Lile shati la ubatizo lilikuwa na mikono ya mpira, na mikono ya mpira haishonwi bila kupima.

“Kumi na tatu,” nilisema.

“Kumi na tatu ni kijani. Huyu mutoto alikuwa muzima. Nani alisema ni mugonjwa?”

Kiswahili kile kilikuwa chepesi, cha kueleweka na kila mtu, na Nabintu alikielewa chote. Muuguzi akamwandikia dawa, akamwambia arudishe mukene, karanga, yai akipata, maharage yaliyopondwa, na uji uwe mmoja tu kati ya hivyo. Ule utepe wangu akaomba abaki nao, awaonyeshe wakubwa wake, nikamwachia bila kufikiri. Tulishuka kilima kwa miguu. Nabintu alitangulia, amemfunga mtoto mgongoni, na hakugeuka hata mara moja.

Sikwenda kwangu. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bushira, chini ya kilima, kwenye nyumba anayokaa na Mama Maimunah tangu sajini afariki. Nilimkuta nje anapika kisra, ile mikate myembamba ya Kinubi, kwa sababu Mama siku hizi hana meno ya kitu kingine. Nilimwambia yote, nimesimama. Nilikuwa bado nina tumaini, jamani. Nilikuwa nataka aruke, ashike kichwa, aseme kampuni imetudanganya sote wawili.

Aliendelea kutandaza unga kwenye kikaango.

“Nilikuwa najua,” alisema.

“Tangu lini?”

“Tangu mwanzo. Dada, sikiliza. Mama ya mtoto wa kijani hanunui. Na wale wa manjano ya kweli ni wachache, kampuni itaishi na hao? Walisogeza laini kidogo. Sentimita moja! Mtoto akikunywa uji zaidi anakufa?”

“Jasper alikuwa mzima, Bushira. Sasa ndiyo mgonjwa. Mama yake ameuza chakula chake ili anunue cha kwenu.”

“Hiyo ya uji peke yake waliniambia niseme. Mimi si daktari.”

“Na kwangu ulikuja kwa nini?”

Akabandua kisra, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye sahani.

“Nilijaribu mwenyewe Namuwongo kabla yako. Wamama walikataa nishike watoto wao. Kwako wanakuja wenyewe.”

Nimetukanwa sana maishani mwangu, na wateja, na makondakta, na wake za maofisa. Hakuna tusi lililoniuma kama hilo, na halikuwa hata tusi. Alikuwa anaeleza tu, kama mtu anayekueleza kwa nini alinunua sufuria hii akaacha ile.

“Kesho nitawaambia,” nilisema.

“Ukisema, ni mimi watafukuza. Mama atakula wapi? Alal, maziwa ulinyonya hapa, unalipa hivi?”

“Maziwa niliyonyonya yalikuwa ya Mama. Na hakunipima mkono kwanza ndipo anipe.”

Hasira ilinifanya nipaze sauti, na sauti ikafika ndani. “Alal?” Mama Maimunah akaita kutoka chumbani. “Ni Alal? Sasa unaenda bila kukula?” Nikamdanganya, nikasema narudi sasa hivi, Mama. Nikatoka nikilia barabarani mchana watu wakiniona, na sikujali.

Niliwaambia. Siku iliyofuata niliwakusanya wanawake kibarazani na nikawaambia kila kitu, pamoja na maneno niliyomwambia Nabintu. Futi yangu ilikuwa shingoni, nikapima watoto upya mbele yao, nikitaja namba na kueleza mstari wa hospitali uko wapi. Karibu wote walikuwa kijani. Nilitegemea kelele. Hawakupiga kelele. Walisimama wakitazamana, kisha Abalo, mke wa polisi mwenzake Odyek, akauliza, “Na wewe hukujua?” Nikasema sikujua. Akaitikia kwa kichwa, lakini macho yake yalikuwa kwenye cherehani yangu, na sikuelewa kwa nini.

Nilielewa siku ya tatu, Bushira alipokuja. Alivaa vizuri, ameongozana na bwana mmoja wa kampuni aliyebeba katoni. Hakunisalimia. Alifungua mkoba wake akatoa zile tepe zangu kumi na mbili za nguo, akazining'iniza kwenye vidole, moja baada ya nyingine, ili kila mtu azione.

“Wamama, kampuni inaomba radhi,” alisema. “Kuna mtu alikuwa anatumia utepe ya uongo. Hizi tumezikamata sisi wenyewe. Tazameni uzi. Mnajua ni uzi ya nani.”

Waliujua. Walikuwa wamekaa pale pale wakinitazama nazishona. Nilipiga kelele kwamba nilinakili wa kwao, wa kwao ndio uliokuwa hivyo, lakini wa kwao nilikuwa nimeuacha hospitali. Yule bwana akafungua katoni, akagawa tepe mpya, na hizo mpya zilikuwa sahihi kabisa, kumi na moja na nusu, kumi na mbili na nusu. Nilizipima mwenyewe. Zilikuwa sahihi na mimi nikawa mwongo.

Mtu mmoja tu pale alijua ukweli. Nabintu alikuwa amesimama nyuma, beseni la mukene kichwani, Jasper mkononi. Alikuwa ameziona tepe mbili zimelala mezani kwa muuguzi. Nilimwita kwa jina. Wanawake wote wakageuka kumtazama. Akanitazama muda mrefu, akalirekebisha beseni, akaondoka.

Siku hizi Totonono inauzwa na Babra, binti mwenye kibanda cha simu. Unga ni ule ule, na kwa utepe ulio sahihi nadhani unasaidia wanaostahili, hilo silipingi. Idi imepita. Kwa Mama Maimunah sikwenda, na aliyeleta sahani kutoka kule hakuna.

Wateja wa mitumba bado wananiletea kazi. Watoto ndio hawaletwi. Kwa hiyo wiki iliyopita nilipomwona Nabintu anakuja na kitambaa cha bluu kwapani, Jasper akitembea mwenyewe mbele yake, nilisimama haraka mpaka nikaangusha mkasi. Mtoto amerudi. Mashavu yamerudi. Aliponiona alinyanyua mikono yote miwili juu, kama alivyozoea wakati wa kupimwa, tayari anacheka kabla sijamgusa.

Nilishika futi. Nabintu akamvuta mwanawe nyuma kwa ukosi.

“Hapana,” alisema. Akanipa shati kuukuu la mtoto. “Fuata hii. Ongeza kidogo.”

“Nabintu, wewe ulijua. Uliona kwa macho yako. Kwa nini hukusema?”

Hakuniinamishia macho. “Ningesema nini, Mama Oloya? Yule dada yako simujui. Miye hakuna siku aliniambia kitu. Ni weye ulinishika hapa,” akagusa bega lake, “ukaniambia niache mukene.”

Nililitandaza lile shati mezani, nikalipima kifua, kiuno, mkono, nikaongeza kidogo kama alivyoniambia, na Jasper akachungulia kutoka nyuma ya kitenge cha mama yake, bado amenyanyua mkono mmoja.